Vali ya Gurudumu la Ndani

Diani, Ijumaa baada ya swala

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili, alhamdulillahi, na natumai wewe na wanao mnaamka salama huko Kilwa. Mama je, kile kifua chake kimepungua? Nilitaka kukuuliza mengi zaidi, lakini kuna neno limenikaa kooni, na nikiendelea na salamu nitakuwa nalikimbia.

Mumeo yuko hospitali ya Msambweni. Yu hai, anakula, anazungumza. Ameumia mkono wa kulia, na vidole viwili imebidi vikatwe. Kwa kuwa hawezi kushika kalamu, ameniagiza mimi nikuandikie. Ila haya nitakayokuambia si yale aliyoniagiza.

Kazi yetu waijua. Bwana wetu ni Mzungu aliyestaafu, akaligeuza lori kuwa nyumba: ndani mna kitanda, jiko la mafuta ya taa na beseni la kuoshea vyombo. Mimi dereva, shemeji mpishi. Lori lenyewe ni zito, na nyuma lina magurudumu mawili mawili kila upande. Kila gurudumu lina vali yake, kile kimrija cha kutilia upepo, na hapa pwani chumvi na mchanga huila mipira yake upesi. Kwa hiyo kabla ya safari yanipasa nizipitie zote. Naupinda mrija nione kama umepasuka, natia mate mdomoni mwake nione kama unatoa mapovu, kisha nafunga kifuniko. Za nje ni rahisi. Za ndani huzifikii mpaka ulale chali chini ya gari.

Jumatatu tulikuwa twaenda Shimoni, Bwana akavue samaki. Nilikuwa nimevaa suruali mpya ya kaki, imepigwa pasi, na njiani tungepita Gazi, ambako nimepeleka posa. Nikaona nikilala mchangani nitaichafua. Nikazigusa za nje tu. Shemeji, akipakia sufuria zake, akaniuliza, "Salimu, umemaliza?"

Nikamjibu, "Zote salama."

Tulipokwisha kuipita Msambweni, kwenye barabara mbovu, tairi la nje la nyuma likapasuka kwa kishindo. Nilipoinama nikaona la ndani limelala, halina upepo hata kidogo. Mrija wake umechanika shinani. La nje lilikuwa limeubeba mzigo wote peke yake. Nikatia jeki. Shemeji akaja kunisaidia, akawa anasukuma jiwe chini ya ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu. Jeki ikazama mchangani, lori likashuka juu ya mkono wake.

Dada, sauti aliyoitoa siwezi kuiandika.

Lori la miwa likatukuta, watu wakaliinua gari kwa magogo, akakimbizwa hospitali. Bwana akaniuliza, "Uliziangalia vali za ndani?" Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Nayo damu ya mumeo ilikuwa bado mbichi kwenye suruali yangu.

Shemeji alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi akaniambia, "Mwandikie dada yako jeki iliteleza. Mengine yatamhangaisha bure."

"Tusingeihitaji jeki," nikamwambia. "Za ndani sikuziangalia. Nilikudanganya."

Akageukia ukutani, nami nikakaa pale mpaka wauguzi wakanitoa. Kesho yake nilirudi bila kujua kama atataka kuniona. Nilimkuta ameketi kitandani, anahangaika na kopo la maji kwa mkono wa kushoto. Akasema bila kunitazama, "Njoo unimiminie, nitawadhe." Nikammiminia. Hayo ndiyo maneno pekee niliyoyapata kwake siku hiyo, na sikustahili hata hayo.

Bwana naye nimekwisha kumwambia ukweli. Amenitoa kwenye usukani, ameandika dereva mwingine. Mimi naosha gari na kupika mahali pa shemeji. Sikulalamika. Gazi nimeomba waningoje, kama bado wananitaka.

Wewe hukutaka mumeo aje huku. Mimi ndiye niliyekubembeleza, nikakuambia tutatazamana kama ndugu wa tumbo moja. Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu. Niandikie lolote lililo moyoni mwako, hata likiwa ni kunikataa, nitalisoma. Daktari akimruhusu, nitamleta mwenyewe kwa meli mpaka mlangoni kwako. Mkaribishe yeye, mkalishe, mtazame mkono wake. Mimi nitangoja nje mpaka uniite, na usiponiita nitafahamu.

Nifikishie shikamoo kwa Mama, na habari hii umwambie polepole, akiwa amekwisha kula. Nisalimie mjomba fundi wa mashua, na shangazi wa maandazi, na jirani yetu mwalimu wa chuoni, umwombe amsomee shemeji dua. Wanao wakiuliza, waambie baba yao aliumia akinisaidia mimi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya mbele yako,
Salimu