Meno Ambayo Hayakuota

Doha

Mpendwa Baba,

Pokea salamu za binti yako. Goti limepoa? Bado unashinda ufuoni Dunga ukiwakosoa wanaoanika visamaki vya omena? Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu. Nimeandika kwa sababu simu wewe huiweka kwenye spika, na ya leo sitaki yasikike ufuo mzima. Mwenzangu anayerudi likizo ndiye atakayekuletea barua hii.

Mtoto ninayemlea huku huwaka homa kila akicheza nje. Nywele zake ni chache, ngozi kavu, meno ya juu mawili yamechongoka, ya chini hayapo kabisa. Jasho hatoi hata tone. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, mimi nikiwa nimempakata. Daktari alimtazama, kisha akamuuliza mama yake, "Baba yako ana meno mangapi?" Nusura nimwangushe mtoto.

Alieleza kwamba hali hii hupitia kwa mama, ambaye huenda ameirithi kwa baba yake, hata kama mwenyewe haonekani nayo, ikamshika zaidi mtoto wa kiume. Nikamwona akilini Odhi wa mdogo wangu Akoth, nywele zile zile, meno yale yale. Akoth alikuwa amenipigia akilia: "Adhis, huyu mtoto akishikwa na joto tunaambiwa ni malaria, na vipimo haioni kitu. Sasa mama mkwe anasema ni chira ya kwetu, ati tulivunja mwiko. Anamfunika blanketi mbili ndio atoke jasho." Jasho lenyewe hana, Baba! Naogopa sana.

Sisi tulikua tukijua meno yako ya chini yaling'olewa ujanani, kwa desturi ya zamani, na kwamba hukulia. Tulijivunia hilo shuleni. Lakini Waya, dada yako, aliwahi kuniambia jikoni huku akicheka, "Huyo? Nani alimng'oa? Hizo meno hazikutokanga." Nikadhani anakutania tu. Sasa nakumbuka ulivyokuwa ukichovya shati ziwani na kulivaa likiwa limelowa.

Mimi si daktari. Odhi apelekwe kwa daktari wa ngozi hapo Kisumu. Homa ikipanda apimwe malaria kama kawaida, lakini kwanza blanketi litoke, apanguswe kwa maji, akae kivulini. Akoth nimeshamwambia. Huko ukweni hawamsikilizi.

Wewe watakusikiliza. Najua mzee haendi ovyo kwa wakwe. Nenda Awasi hata hivyo, ufungue kinywa mbele ya mama mkwe wake, useme hakuna aliyekung'oa. Najua ninakuomba jambo zito. Kwangu mimi, heshima yako haikuwahi kukaa kwenye pengo.

Msalimie Mama, na shemeji, mume wa Akoth. Waya pia, na usimgombeze. Odhi mwambie mama yake mkubwa amemnunulia kofia pana.

Ukifika, mpakate kwanza kabla ya kusema lolote. Akoth anaamini mwanawe hatafika hata darasa la kwanza. Hajawahi kuambiwa kwamba mtu mwenye mwili kama huo ndiye aliyemlea.

Ni mimi mwanao,
Adhiambo