Filta Tatu za Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Nimeanza na mgongo kwa sababu najua nikikuuliza hali utasema nzuri, halafu utahamia kwenye habari za pikapu. Sisi huku ni wazima. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la dawa, anavaa koti jeupe hata siku ya mapumziko, na ukimwita haitiki mpaka useme daktari. Anakusalimu sana. Nyumba ipo vilevile ulivyoiacha, ila bati la jikoni nimelibadilisha. Gereji nayo inanipa riziki, sina cha kulalamika.

Barua yako nilikabidhiwa wiki iliyopita na yule dereva wa lori la saruji, na huyohuyo ndiye anayekuletea boksi hili. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe husema, haya, mzima, nami husema mzima, halafu tunasikilizana tunavyopumua mpaka mmoja wetu akate. Leo nina maneno ambayo simu haiyawezi.

Umeniomba nikuchagulie filta ya oili ya bei nafuu lakini inayofanya kazi, ili uwe unabadilishiwa hukohuko, kwa kuwa mgongo hautaki tena saa sita za usukani. Nilikuwa nimesimama niliposoma maneno hayo. Nikaketi, nikayasoma tena. Kisha nikafanya ulichoagiza, maana kazi ni kazi.

Nilikwenda kwa Bwana Orijino, yule muuza spea anayeapa kwamba kila kitu dukani kwake ni orijino, hata kiti anachokalia. Alinitolea kwanza filta ya bei mbaya, boksi linang'aa, nembo ya kampuni kubwa kubwa. Nilipoishika ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, na herufi za nembo zilibaki kwenye kidole changu. Nikamwambia hii ni bandia. Akaapa kwa wazazi wake wote wawili. Nikamwomba msumeno niikate palepale kaunta, tuone pamoja kilichomo. Ghafla akakumbuka kwamba filta hiyo aliwekewa mteja mwingine, akairudisha kwenye rafu. Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, na tangu hapo akanionyesha mali ya kweli.

Nilichukua nne za bei ya chini, za kampuni isiyo na jina, nikarudi nazo gereji na moja nikaikata. Hakuna njia nyingine ya kuijua filta, baba. Kwa nje zote ni bati na rangi. Karatasi ya ndani ilikuwa na mikunjo mingi iliyosongamana, imegundishwa vizuri pande zote, hakuna pengo la kupitisha uchafu. Kile kimpira cha ndani, kinachozuia oili isishuke yote chini ukizima injini, kilikuwa laini, ukikibonyeza kinarudi. Kwenye zile mbovu kimpira hicho ni kigumu, au hakipo kabisa, ndiyo maana asubuhi injini inagonga kama mtu aliyefungiwa mlango. Basi, tatu zilizobaki ndizo hizi. Mwambie fundi wa huko apake oili kidogo kwenye mpira wa nje, azungushe kwa mkono mpaka ikae, kisha aongeze robo tatu ya mzunguko tu. Asitafute sifa kwa kuikaza na spana.

Filta tatu ni zaidi ya mwaka mzima. Nilipokuwa nazipanga kwenye boksi nilihesabu miezi kwa vidole, vidole vikaisha. Mwaka mzima hutakuwa na sababu ya kuingia getini kwangu. Nina hamu na wewe, baba. Nilikuwa nayo hata ulipokuwa umekaa mbele yangu.

Tangu mama atutoke, na wewe ukashindwa kulala kwenye nyumba ile, sijawahi kukulaumu kwa kuhama. Lakini hukuaga vizuri, nami sikukusindikiza vizuri, na kilichobaki kati yetu ni hiyo pikapu. Ulikuwa ukifika, unakaa kwenye kile kiti cha basi kilichong'olewa, umeegemea ukuta, kikombe cha chai gotini, ukinitazama nikiwa chini ya gari. Ulikuwa ukiniuliza habari za mikanda, plagi na betri. Hujawahi kuniuliza kama nalala, au kama na mimi namkumbuka mama. Siku moja tu ulinyanyuka, ukanifuta oili shavuni kwa leso yako, kisha ukarudi kukaa na kuuliza breki zinasemaje. Nilijibu kuhusu breki. Kisha nikajifanya nakohoa.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Umeandika, kama kwa kupita tu, kwamba mwezi huu fundi wa huko alimwaga oili ya pikapu akaishangaa. Alisema bado ni nzuri, ingekwenda kilomita elfu mbili zaidi, na akauliza ni nani anayekudanganya ubadilishe mapema hivyo. Unasema ulimjia juu. Ulimwambia binti yako anaijua injini hiyo kuliko yeye anavyojua jina lake, na kwamba akirudia maneno hayo hatakuona tena. Mkaachana kwa hasira.

Baba, nenda ukamwombe radhi. Yule bwana ni fundi mzuri, na alichosema ni kweli. Anayekudanganya ni mimi.

Pikapu yako, kwa oili ninayoitia, inakwenda kilomita elfu tano bila wasiwasi. Mara ya kwanza ulipokuja baada ya kuhama, nilishika kile kikaratasi ninachokibandika mlangoni mwa gari, kinachosema ni lini urudi kubadilisha oili. Nikapiga hesabu. Elfu tano ilikuwa kama miezi minne. Nilikutazama, ulikuwa unafunga kamba za viatu kwa shida, nikaandika elfu tatu. Tangu siku hiyo nimeandika elfu tatu kila mara, miaka miwili sasa. Na mia sita kati ya hizo ulikuwa unazimaliza kwa kuja na kurudi. Hata ile oili niliyokuwa nikisema lazima ichuruzike mpaka tone la mwisho, dakika ishirini huitosha. Nilikukalisha saa mbili ili nikuone.

Sikujua kuhusu mgongo mpaka niliposoma barua yako. Hukuniambia. Nawaza zile saa sita zote nilizokuendeshesha bure, nakosa pa kuuficha uso. Watu huniletea magari yao kwa sababu simwambii mtu uongo, nikamdanganya baba yangu mzazi. Nisamehe. Kama huwezi leo, nisamehe mwezi ujao, nitangoja.

Kuanzia sasa badilisha kila kilomita elfu tano, hukohuko, na huyohuyo fundi. Pikapu haina haja ya kurudi kwangu tena. Mwenye haja ni mimi. Hujawahi kuniambia njoo, nami sijawahi kukuuliza kama nije, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Sasa nauliza. Nitapanda basi, nitakuja mikono mitupu, bila spana hata moja, na tukikaa kimya tutakaa kimya bila gari katikati yetu.

Kuna jambo moja tu nataka unijibu kwa maandishi. Mara mbili za mwisho ulifika kabla ya siku yako. Niliona kwenye dashibodi, ulikuwa hujamaliza hata elfu mbili. Ulisema umekuja mapema kwa sababu injini ina mlio usiouelewa. Niliwasha, nikazima, nikainamisha sikio, nikalala chini ya gari nusu saa nzima, nikakwambia nimeurekebisha. Sikurekebisha kitu. Hapakuwa na mlio. Je, baba, wewe uliusikia kweli?

Dereva wa lori anageuza Alhamisi asubuhi, usimwache aondoke bila jibu. Nakuombea afya, na nakuomba usinyanyue kitu kizito mpaka nifike.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Fundi