Kromanti Ni Sisi

Hillsborough, Carriacou
14 Septemba 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nakujulia hali. Magoti yanakuruhusu kupanda kilima? Kifua kimeacha kukubana kwa moshi wa samaki? Mimi ni mzima, nakula vizuri na nalala.

Nimefika. Kisiwa ni kidogo. Dereva aliyenipokea alianza kunisimulia talaka ya dada yake tukiwa uwanja wa ndege, akanionyesha kisiwa kizima, na tuliporudi mlangoni kwangu talaka ilikuwa bado haijafika kwa hakimu.

Kazi ndiyo haijaanza. Wodi ipo, vitanda vipo, mimi nipo, ila wajawazito ndio hawapo. Wakisikia mkunga mpya ametoka Afrika, wanapanda boti wakazalie Grenada, kisiwa kikubwa. Juzi alikuja mmoja kupimwa, Marvlyn, mke wa fundi wa boti. Aliponiona akabaki amekumbatia pochi.

"Kwenu mnazalisha kwa nini, kwa majani?"

"Kwa mikono. Kama huku."

"Basi hiyo mikono kaipumzishe," akasema, akatoka. Waliokaa barazani wakacheka mpaka wakashikana.

Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu siku niliyoondoka hukutoka chumbani, na sitaki mlango uliofungwa uwe ndilo neno letu la mwisho.

Msalimie Mjomba Ebo.

Mwanao,
Araba


Kormantse
20 Oktoba 1995

Araba,

Barua nimeipata na salamu nimezipokea. Magoti ni yangu, niachie mwenyewe. Mjomba wako hajambo, bado anabishana na redio na bado inamshinda.

Sikutoka chumbani kwa sababu ningetoka ningekushika nguo mbele ya watu. Ndugu zetu walipelekwa huko wamefungwa minyororo, wewe unakwenda umejipaka mafuta na kitambaa kipya kichwani. Nilishindwa kujua nilie kwa lipi. Mpaka leo sijajua.

Lakini hili la kukucheka limenifika. Nusu ya watu wa kijiji hiki cha Kormantse walipokelewa na mikono ya bibi yako. Sasa nisikilize. Usimfuate mjamzito yeyote nyumbani kwake. Fagia wodi, vaa nguo safi, kaa kwenye kiti chako. Mimba haijui kuringa. Siku yake ikifika, imefika. Na huyo wa pochi akija, usimkumbushe alilosema. Hapo ndipo atajua kwamba umelelewa.

Mkataba wako wa mwaka ukiisha, utarudi nyumbani. Hilo si ombi.

Mimi,
Mama yako


Hillsborough
3 Februari 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvuke wa dokono, mikate yako ya unga wa mahindi, bado unapanda juu ya nyumba na wateja wanaijua zamu yao. Huku sijambo, na leo sijambo zaidi.

Alikuja. Wiki iliyopita upepo ulichafuka, bahari ikapanda juu ya gati, boti zote zikafungwa. Mchana wakamleta Marvlyn amebebwa kwenye kiti, na nyuma yake mama mkwe wake, Bi Ionie Quashie, mwanamke ambaye akipita hata mbuzi hutoka njiani. Nikampima. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.

Marvlyn akanitazama. Sikumkumbusha kitu, Mama. Nikamwambia, "Piga magoti, shika kitanda, na usisukume mpaka nikuambie." Bi Ionie akasema, "Mvute huyo mtoto." Nikasema simvuti. Akasema tena, kwa sauti ya kuamrisha. Nikamwambia, "Bi Ionie, hapa mwenye nyumba ni mimi. Kamshike mkono mkweo." Akaenda. Mtoto akaja kwa uzito wake mwenyewe, makalio, mgongo, mabega, na mwisho nikamwinua, kichwa kikatoka taratibu. Msichana. Nikamsugua mgongo kwa taulo, akalia kwa hasira kama aliyedhulumiwa.

Tulipokwisha kumsafisha, Bi Ionie akaniuliza, "Kwenu hasa ni wapi? Usiniambie Afrika. Afrika ni kubwa."

"Kormantse."

Akaweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia.

"Kromanti si mahali," akasema. "Kromanti ni sisi."

Nikamwambia ni mahali. Kuna kilima, chini yake kuna bahari, na mama yangu anauza dokono kando ya barabara. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Hapa, Mama, kila ukoo unajua taifa lake. Wapo wanaosema sisi ni Igbo, wengine Manding, wengine Kongo. Ngoma kubwa ikipigwa, wa kwanza kufungua ni Kromanti. Wamelishika jina hilo miaka yote bila kujua kwamba lina mlango na dirisha.

Novemba Bi Ionie atasimamisha jiwe kwenye kaburi la mumewe. Itakuwa karamu ya kijiji kizima, wao huiita saraka. Anataka niwepo.

Tangu siku ile wodi haina nafasi. Nimeombwa niongeze miaka miwili, na nimetia saini kabla ya kukuuliza. Nilijua ningekuuliza ungekataa, na sikutaka kukukaidi.

Mwanao,
Araba


Hillsborough
9 Juni 1996

Mama,

Shikamoo. Nimeandika Machi, nikaandika tena Aprili. Mjomba Ebo ameniambia kwa simu ya posta kwamba u mzima na unauza kama kawaida, na kwamba ukitajiwa jina langu unauliza bei ya mahindi.

Sawa. Nimejifunza kwako kutobembeleza, kwa hiyo sitabembeleza. Ila nataka ujue kwamba jana nimemzalisha mwanamke mapacha, na wakati nanawa mikono nilikutafuta nikuambie.

Araba


Kormantse
2 Agosti 1996

Araba mwanangu,

Hujambo? Umekonda? Sauti ya mtu aliyekonda naijua hata kwenye karatasi.

Nilikasirika. Kusema kweli bado nimekasirika, lakini hasira imepata shughuli nyingine. Barua yako ya Februari niliisoma peke yangu, kisha siku moja nikawasomea wanawake wa samaki pale tanurini. Ikafika kwa wazee. Wakaniita. Mzee Otoo akasema, "Mwanao anakutungia hadithi ili asirudi. Nani ng'ambo ajue Kormantse, wakati Saltpond hapo jirani hawatujui ila kwa harufu ya moshi?"

Nikasimama. Nikamwambia mwanangu nimemzaa mkaidi, sikumzaa mwongo. Kama hawaamini, nitakwenda nikaone kwa macho yangu. Mjomba wako akacheka, "Mama dokono apande ndege? Utaomba dereva akushushe njiani." Sikumjibu. Siku ya pili nilikwenda kupigwa picha ya pasipoti. Nimenuna ndani yake, lakini masikio yanaonekana, na wao wanataka masikio.

Kisha kuna huyo Bi Ionie Quashie. Quashie si Kwesi huyo, jina letu la mvulana wa Jumapili? Mwambie mwanzilishi wa ukoo wao alizaliwa Jumapili. Mambo mengine hayahitaji shule.

Nitafika Oktoba mwishoni. Usijidanganye kwamba nakuja kutembea. Nakuja kuona hilo jiwe, halafu nakuchukua.

Mama yako


Hillsborough, Carriacou
11 Novemba 1996

Mwanangu Araba,

Hujambo huko hospitali ya Grenada? Mgonjwa wako ameacha kutoka damu? Hapa tumemwombea yeye na mtoto wake tangu mlipopakiwa kwenye kile kindege asubuhi ya karamu. Barua hii nampa nahodha wa boti, bahari imetulia kidogo. Wewe usiondoke kitandani kwake mpaka uwe na hakika naye. Mimi sina haraka.

Ulihuzunika kwamba utaikosa shughuli. Basi nikueleze.

Jiwe lilisimamishwa, likanyunyiziwa maji na ramu. Watu wakala, na hakuna aliyeulizwa ni nani amealikwa. Alasiri wakatoka wapiga ngoma. Mataifa yote yalikuwepo, Igbo, Manding, Kongo, wamevaa sketi pana za fahari, na wote wamesimama wanangoja. Nikauliza wanangoja nini. Marvlyn, mtoto wake kiunoni, akasema, "Wanawangoja nyie, Mama."

Ikafunguliwa ya Kromanti. Nilitega sikio nipate walau neno moja la kwetu. Sikupata. Lakini mwanamke mmoja alipoingia katikati akageuza bega, nilimwona shangazi yako Aba tuliyemzika Pasaka, vilevile, mpaka lile pozi la shingo. Nikashika nguzo.

Bi Ionie akanivuta kati. Nikacheza kama tunavyocheza nyumbani. Nyuma yangu nikasikia mtu anauliza, "Nani huyo?" na mwenzake anajibu, "Humjui? Huyo ndiye Mama wa Nesi." Miaka yote hii kule nyumbani wewe ni mtoto wa mama dokono. Huku mimi ndiye natambulishwa kwako. Nilinyoosha mgongo, Araba, magoti yakanyamaza.

Bi Ionie akasema mbele ya watu wote, "Mama wa Nesi, tunasikia umekuja kumchukua mtoto." Ngoma nazo zikanyamaza, kwa umbea tu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nimeyabeba maneno hayo tangu Accra. Nikaomba glasi ya ramu. Nikamwaga chini, nikawataja wa kwetu mmoja mmoja kwa Kifante, mpaka bibi yako, na watu wote waliinamisha vichwa kama waliojua majina yale. Kisha nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la sita: "Sikuja kumchukua. Nimekuja kumkabidhi. Lakini mjue kwamba ana kwao."

Bi Ionie akanipokea glasi. "Tunapajua kwao," akasema. "Ni kwetu."

Nimemwandikia Mzee Otoo barua yake peke yake. Hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa.

Keshokutwa mume wa Marvlyn anashusha boti mpya majini huko Windward, wanataka nikamwage ramu na kule. Ukifika ukakuta nyumba imefungwa, usihangaike kunitafuta. Uliza yeyote njiani alipo Mama wa Nesi.

Mimi,
Mama yako