Viwavi Hawakufa Siku ya Kwanza

Jumatatu, 2 Desemba 1974

Nimefagia chini ya michungwa ya kijiji, bustani tuliyokabidhiwa mimi na Zaituni. Viwavi kibuyu kizima, nimewapa kuku. Kesho watakuwepo wengine. Nondo hawachoki kutaga. Maua yamefunguka, nyuki wangu wamelewa. Mizinga minne, aliniachia marehemu mume wangu. Huku mwanamke hapandi mzingani. Mimi napanda. Wa kusema aseme.

Bwana shamba kaja kutoka Ilongero na kopo la unga. Anasema si sumu, ni ugonjwa wa viwavi. Wakila jani lenye dawa, matumbo yanaoza. Nyuki haiwagusi. Tunyunyize jioni, maana jua linaiua. Kisha tungoje siku tatu, nne. Nimemrudishia maneno yote, asije akasema bibi hakusikia.

Jumanne, 3 Desemba

Tumenyunyiza, mimi na Zaituni. Bomba mgongoni kwangu, maji kichwani kwake. Mume wetu alipokufa watu walingoja tugawane vyungu. Tukahamia nyumba moja. Alipougua, mwanawe alinyonya kwangu. Simwiti mke mwenza. Ni mdogo wangu.

Jumatano, 4 Desemba

Viwavi wanatembea. Mwenyekiti wa kijiji kaja kuangalia. Kauliza, "Bibi, unawafuga?" Nikamwambia hata yeye hakuzaliwa siku aliyotungwa mimba. Watu wakacheka, akanuna. Kasema Jumamosi wakiwa hai tunanyang'anywa bustani, turudi kulima mtama.

Nimetazama vizuri. Wanatembea lakini hawali. Nimemwonyesha Zaituni. Kasema ameona.

Alhamisi, 5 Desemba

Nilikwenda kisomo cha watu wazima. Kurudi, harufu. Dawa ya pamba, ile ya debe lenye fuvu. Imepigwa mchana, maua wazi, nyuki kazini. Wamelala chini kama uwele uliomwagika. Wengine wanazunguka kwa mgongo. Nimewaokota mpaka mikono ikakataa.

Mizinga yote kimya.

Bomba limeanikwa uani kwetu. Khanga ya Zaituni inanuka ile ile. Hakunitazama. Na mimi sikuuliza. Nilitaka aseme mwenyewe.

Ijumaa, 6 Desemba

Mkutano. Debe lilikuwa la ghala la kijiji, limetolewa bila ruhusa. Mwenyekiti kauliza ni nani. Nimekaa pale nimejiandaa kumtetea. Nilishapanga maneno: mwoga huyu, msameheni, mnanijua mimi. Mjinga mimi.

Zaituni kasimama. Kasema, "Dada ndiye aliyenituma."

Mbele ya watu wote. Mbele ya mwanawe niliyemnyonyesha.

Nikasema si kweli. Mara moja tu. Nani aagize nyuki wake wauawe? Lakini mwenyekiti hakuwa amesahau kile kicheko. Bustani nimeondolewa. Kapewa Zaituni.

Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepita mistari ya chini, ambako dawa ya pamba haikufika. Viwavi wananing'inia majanini, weusi, laini kama matambara. Siku ya nne. Bwana shamba alisema kweli. Siku mbili tu, Zaituni. Siku mbili zilikushinda.

Nimegeuka nimwonyeshe mtu. Hakuna. Nilizoea kumwonyesha yeye.

Jumapili, 8 Desemba

Zaituni kaamka kabla yangu, kapika uji. Kanimiminia mimi kwanza, kama siku zote. Kasema, "Dada, niliogopa."

Nikasema najua. Uji nimeunywa, wajukuu wetu walikuwa wanatazama.

Mchana nimekwenda kushusha mizinga. Kaja nyuma yangu, kashika ngazi bila kuambiwa. Nimeshusha mmoja mmoja. Tumebeba, yeye nyuma, mimi mbele. Ilikuwa myepesi.

Jioni nimeutoa mkeka wangu chumba nilicholala na Zaituni, nimehamishia chumba cha wajukuu. Wamefurahi. Mdogo kanilalia mkononi, naandika kwa shida.