Siku ya Kusoma Maktabani

Kitale, Februari 2008

Dada Joy,

Pokea salamu hapo Bungoma. Maktaba ya shule imejaa familia zilizochomewa nyumba upande wa Kwanza, na wanafunzi wengi hawajarudi. Hata hivyo, Ijumaa tulifanya Siku ya Kusoma. Suad wa kidato cha tatu aliwasomea watoto hadithi, wakatulia kabisa. Alipofika mahali baba anarudi nyumbani, nilimwambia, "Ruka hapo, Suad." Akanitazama, akafungua ukurasa mwingine.

Shemeji yako Sifuna bado hajaonekana. Nyumba yetu nayo iliungua, kwa hivyo mimi pia nalala hapa katikati ya rafu. Mama akiuliza, mwambie kazi ya maktaba imenishika.

Mdogo wako,
Agneta