Pai ya Siku Aliyokuja Athieno

Jumapili, Busia. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Mwili wangu nao hautulii.

Leo mdogo wangu Athieno amekuja kumwona mwanawe. Alimwacha Achieng kwangu akiwa bado mchanga, akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Sasa mtoto yuko karibu kuanza shule, na mama anayemjua ni mimi.

Aliponipigia simu kwamba ametoka Tororo, niliingia jikoni. Nilitaka tu mikono ipate kazi. Nikaamua kuoka pai ya chokoleti na karanga, ile nzito ambayo kipande kimoja kinakutosha. Karanga za kwanza ziliungua, kwa sababu kila boda boda ikipita nilikimbilia dirishani. Nikakaanga nyingine. Nikakanda unga na siagi, nikautandaza kwenye bati la kuokea, nikayeyusha chokoleti juu ya maji ya moto, nikachanganya na mayai, sukari na zile karanga. Nilipoiingiza kwenye oveni sikuweza kuiacha. Nilifungua mlango, nikafunga, nikafungua tena.

Nakiri: nilikuwa naomba mvua imzuie njiani.

Alifika wakati wa chakula cha mchana, amekonda, amekumbatia mdoli mkubwa. Achieng alimpa mkono kwa adabu, kisha akarudi kujificha nyuma ya sketi yangu.

Tulipomaliza kula nikakata pai. Athieno akachota kidogo kwa kijiko amlishe. Mtoto akafunga mdomo, akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa.

Athieno akaweka kijiko chini.

"Mama, mgeni analia," Achieng akaninong'oneza. Sote tulisikia.

"Dada, wacha tu," Athieno akasema. "Usimwambie leo. Mimi nangoja."

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza.

"Achieng, huyu si mgeni," nikasema. "Huyu ndiye mama aliyekuzaa."

Akatutazama kwa zamu. "Na wewe?"

"Mimi ni dada yake. Nilikuwa nakulea akiwa mbali. Bado ni wako."

 Achieng akamega pai yake kwa vidole, akaipeleka mdomoni kwa Athieno. Athieno akala, machozi yakimtiririka, chokoleti imemjaa kidevuni, na mtoto akacheka.

Nilicheka pia. Kisha nikatoka nje, nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikalia peke yangu.

Sasa jua limezama. Wamesinzia wote wawili kitandani kwangu. Nimefuta meza, nikaifuta tena. Nakaa, nainuka. Jumamosi wanakwenda kwa mama yetu kule Paya, na safari hii mimi sitawasindikiza.

Lakini hiyo ni Jumamosi. Ninachokiogopa ni asubuhi. Achieng akifumbua macho huita "Mama!" kabla hata ya kukaa.

Je, nitaweza kunyamaza, nimwache mwenzangu aitike?