Viti Sita vya Fundi Ndahani

Chamwino, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umepoa kidogo na mvua za huko Tukuyu hazijakufungia ndani. Mimi ni mzima. Huku jua ni kali na vumbi linaingia mpaka kwenye madaftari, lakini nimezoea, hata ugali wa uwele sasa naula bila kununa. Najua utauliza kwa nini niandike wakati kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Nimejaribu Jumapili tatu, Mama, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za migomba. Jambo lenyewe ni mwanangu Lusajo. Nataka aje kukaa nami huku, na wewe uje naye. Mdogo wangu Tusekile akikusomea, mwambie asiruke mahali, hata pale ninapojiaibisha.

Karibu na shule yetu kuna kituo cha mazoezi cha watoto wenye ulemavu. Hakikuletwa na mfadhili. Kilianza na Mama Sechelela, mwanakwaya, ambaye mwanawe Daudi alizaliwa na mtindio wa ubongo. Kila wiki alimbeba mgongoni kumpeleka mjini kwenye mazoezi ya viungo, na alipoishiwa nguvu wanakwaya wenzake wakaanza kupokezana. Mtaalamu wa mjini alipoona kila wiki mtoto ni yule yule ila mgongo ni mwingine, alicheka, akasema ni afadhali yeye apande pikipiki awafuate. Kijiji kikatoa ghala la zamani la karanga. Tangu hapo kila nyumba hupeleka debe la mtama baada ya mavuno, kwa ajili ya uji wa watoto, na ambaye hakuvuna kitu huteka maji au husiriba ukuta.

Kazi ya viti alipewa Fundi Ndahani, seremala, mtu wa majivuno kidogo. Mtaalamu alimwomba viti sita vya kumshika mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe, vyenye mbao ubavuni, mkanda kifuani na ubao wa kukanyagia. Fundi akampima Daudi, akatengeneza vyote sita kwa kipimo hicho kimoja. Usimcheke, Mama. Kijiji kizima kiliamini kwamba mtoto wa namna hiyo ni Daudi peke yake. Siku ya kufungua kituo wakaanza kutokea akina mama na watoto ambao watu hawajapata kuwaona, mwingine mchanga, mwingine ameshaota ndevu. Hakuna aliyeenea kwenye viti vile isipokuwa Daudi. Na mmoja wa watoto hao alitoka nyumba ya pili kutoka karakana ya fundi. Miaka sita alikuwa akisikia randa ikipita kwenye mbao kila asubuhi, na fundi hakujua kama yupo. Siku hiyo hiyo Ndahani alivibomoa viti vitano, na tangu hapo hakati ubao kabla hajapata kipimo cha mtoto mwenyewe.

Haya alinisimulia yeye mwezi uliopita, nilipokwenda kuwasaidia kuandika majina ya watoto. Alipomaliza akaniuliza, kwa kupitisha muda tu, kama na mimi nina watoto.

Nikamjibu, "Sina."

Nimelisema, Mama. Lilinitoka kirahisi mno, na hilo ndilo linaloniuma. Nilirudi shuleni nikawafundisha darasa la nne somo la darasa la tano. Nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekuomba, kabla sijaja huku kuanza kazi, kwamba wageni wakija Lusajo awekwe chumba cha nyuma. Wewe hukupenda. Ulikubali kwa ajili yangu tu, na miaka mitatu umembeba peke yako. Aibu ni yangu, mtoto hana aibu yoyote.

Jumamosi iliyopita nilimfuata fundi karakanani kwake. Mama Sechelela alikuwepo. Nikawaambia wote wawili kwamba nilidanganya, kwamba ninaye mtoto wa kiume wa miaka saba ambaye hajawahi kusimama. Nilingoja wanishangae. Mama Sechelela alinishika bega tu, akanisogezea kigoda. Fundi akachukua futi yake.

"Ana urefu gani?"

Nikanyoosha mikono kumwonyesha, kisha nikaishusha. Nilikuwa nampima mtoto wa miaka minne, yule niliyemwacha. Likizo zote nimesingizia kusahihisha mitihani. Nikamwambia sijui, nikalia mbele yao.

Hakuna aliyeniahidi kwamba Lusajo atatembea. Mtaalamu, kwa nilivyomsimulia, amenieleza wazi kwamba pengine atafika kukaa mwenyewe na kushika kijiko, na mimi hilo linanitosha. Shule ikifungwa Desemba nakuja kuwachukua. Usipoweza kuondoka niambie ukweli, nitakuja naye peke yangu, maana sasa ni zamu yangu kumbeba. Ila nakuomba sana uje.

Humu ndani ya bahasha nimeweka uzi. Mlaze Lusajo chali, uanzie kisiginoni, ufunge fundo kwenye goti, jingine kwenye nyonga, jingine kwapani, kisha unirudishie. Fundi anausubiri. Na tafadhali, Mama, usimpimie chumba cha nyuma. Mpimie sebuleni, mlango ukiwa wazi, hata kama kuna wageni.

Nisalimie baba mdogo na mkewe. Msalimie shangazi, yule asiyechoka kuuliza nitaolewa lini, na jirani anayetuletea maziwa. Wakitaka kujua barua inasema nini, Tusekile awasomee yote. Lusajo mbusu kwenye paji la uso, umwambie anayembusu ni nani.

Walimu wenzangu hapa walikuwa wakiniita Mwalimu Atupele. Tangu Jumatatu wananiita jina jingine, na ndilo ninaloliandika hapa chini kwa mara ya kwanza.

Mwanao akupendaye,
Mama Lusajo